Kabla Hujachomeka

Chomoa birika lako la umeme, limwage maji, ulipindue. Chini yake pana kibandiko chenye maandishi madogo ambayo wengi wetu hatujayasoma tangu siku tuliyolileta nyumbani: 220–240 V, 50/60 Hz, 1850–2200 W. Maandishi hayo yanatosha kukuambia waya gani unafaa, fyuzi gani inafaa, na kwa nini chai ya saa moja usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha, huchelewa kuliko ya alasiri. Hesabu yake ni kuzidisha na kugawanya tu. Simu yako ina kikokotoo.

Viko vitu vinne. Volti (V) ni msukumo wa umeme. Ampea (I) ni wingi wa mkondo unaopita. Omu (R) ni ukinzani, yaani jinsi kifaa au waya unavyoukwamisha mkondo huo. Wati (P) ni kasi ya umeme kugeuka kuwa joto, mwanga au mwendo. Ukivijua viwili vyovyote, viwili vilivyobaki unavipata mwenyewe. Ukinzani ni volti kugawanya kwa ampea. Wati ni volti kuzidisha kwa ampea. Kutoka hapo zinazaliwa nyingine mbili, nazo ndizo zenye faida kubwa nyumbani: wati ni volti kuzidisha kwa volti, kisha gawanya kwa omu, au ampea kuzidisha kwa ampea, kisha zidisha kwa omu.

Turudi kwenye kibandiko. Kwa nini wati zimeandikwa mbili? Chukua volti 220, zidisha kwa 220, gawanya kwa 1,850: unapata omu 26.2. Sasa chukua 240 mara 240, gawanya kwa 2,200: omu 26.2 tena. Birika ni lilelile na elementi yake ni ileile. Kinachobadilika ni umeme unaolifikia, na wati zinafuata. Kwenye volti 230 birika hilo linatoa wati 2,019 na kuvuta ampea 8.8. Umeme ukishuka hadi volti 180, hali ambayo wakazi wa mwisho wa laini wanaifahamu vizuri, wati zinakuwa 1,237. Volti zimepungua kwa kama asilimia 22, lakini nguvu ya kuchemsha imepungua kwa karibu asilimia 39, kwa sababu volti zinaingia kwenye hesabu mara mbili. Lita moja na nusu na ushee iliyokuwa ikichemka kwa dakika nne na nusu hivi itakuchukua dakika saba.

Hapo ndipo wengi husema: basi umeme mdogo unapunguza uniti za LUKU, mita ya kulipia kabla. Haupunguzi. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, na maji yanahitaji kiasi kilekile cha joto hadi yachemke; ukilipata polepole, utalipa kwa muda mrefu zaidi. Tena utalipa zaidi kidogo, maana katika zile dakika za ziada birika linaendelea kupoteza joto hewani. Nafuu ya kweli iko kwenye kuchemsha maji unayoyahitaji tu.

Hesabu hii ya birika inafaa kwa vitu vya kupasha joto: pasi, jiko la koili, hita ya maji, tosta. Usiipeleke kichwakichwa kwenye friji au pampu. Mota ikipewa volti chache haikubali kupunguza kazi kama elementi inavyofanya. Mzigo wake ni uleule, kwa hiyo huvuta ampea nyingi zaidi, na mkondo ukizidi nyaya zake za ndani zinachemka hadi varnishi inaungua. Ndiyo maana umeme mdogo unaokucheleweshea chai tu unaweza kuua kompresa ya friji ya jirani. Umeme ukiwa umelegea sana, acha birika liendelee, friji ichomoe. Jambo jingine kuhusu mota: ukizidisha volti kwa ampea zake, jibu huwa kubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Hesabu yako haina kosa. Sehemu ya mkondo wa mota huenda na kurudi bila kufanya kazi, na mita ya nyumbani haikutozi sehemu hiyo, ila waya na inveta lazima ziibebe. Anayenunua inveta kwa ajili ya friji aangalie ampea, tena ampea za kuwakia, ambazo huwa mara kadhaa ya zile za kawaida.

Mpaka hapa tumekaa na kifaa. Kwa maoni yangu wengi wetu tunaishia hapo, na ndiko tunakopotea, maana nyumba nyingi hazianzi kuungua kwenye kifaa. Zinaanza njiani.

Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alitangaza matokeo ya vipimo alivyofanya kwa kuzamisha waya kwenye maji na kutazama kipimajoto: joto linalozaliwa kwenye waya linafuata ukinzani wake, na linafuata mkondo mara mkondo. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto linakuwa mara nne. Waya ulioko ukutani kwako, ekstensheni iliyopita chini ya zulia, skrubu ndani ya soketi, vyote vina ukinzani, hata kama ni mdogo. Vyote vinapata moto. Cha kuuliza ni moto kiasi gani, na uko wapi.

Chukua ekstensheni ya mita 10, ile nyembamba inayouzwa kwa bei ya kutupa, yenye waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa omu 0.023 hivi kwa mita, jumla omu 0.46. Washa birika peke yake: ampea 8.8 mara 8.8 mara 0.46, ni wati 36 za joto zilizosambaa kwenye mita 10. Waya unakuwa vuguvugu, nao tayari umezidiwa, kwani unene huo unastahili ampea 6 tu. Sasa mtu achomeke pasi ya wati 1,200 kwenye tundu la pili. Mkondo unafika ampea 14. Joto kwenye waya linaruka hadi wati 90. Mkondo umeongezeka mara 1.6, joto mara mbili na nusu. Waya huohuo ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea, na ganda la plastiki linaanza kulainika kutoka katikati ya mviringo, mahali usipopaona. Ekstensheni ya kuviringisha inyooshwe yote kabla ya kubeba mzigo mkubwa, hata kama unahitaji mita mbili tu.

Utasema, si kuna fyuzi? Ndani ya plagi ya miguu mitatu fyuzi kubwa ni ya ampea 13, na mzigo ukizidi kidogo haikatiki hapohapo. Inaweza kuvumilia muda mrefu. Fyuzi ya 13 imewekwa kulinda waya unaoweza kubeba 13. Ukiiweka juu ya waya wa ampea 6, waya ndio utakaoungua kwanza. Ya kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi sitayasemea zaidi ya kwamba anayefanya hivyo ameondoa kitu pekee kilichokuwa upande wake.

Shawa za maji moto zinastahili maneno yake, kwa sababu ndizo zinazofungwa kwa uzembe zaidi. Nyingi zimeandikwa 5,500 W, 220 V. Fanya hesabu: 220 mara 220 gawanya kwa 5,500, omu 8.8. Kwa volti 230 za Tanzania inavuta ampea 26, wati 6,000. Kwa volti 240 za Kenya inavuta ampea 27, wati 6,500. Kwa hiyo kifaa kilichouzwa kama cha kilowati tano na nusu kinakula sita na zaidi. Fundi akikuambia ataunga shawa kwenye laini ya soketi iliyopo, ile ya waya wa milimita mbili na nusu za mraba wenye breka ya ampea 20, mwonyeshe hesabu hiyo. Shawa inahitaji waya wake yenyewe, wa milimita sita za mraba, kutoka kwenye bodi ya breka, breka yake, na erthi ya kweli. Na breka ikiwa inakatika kila mtu akioga, dawa yake siyo breka kubwa zaidi juu ya waya uleule.

Wenye sola wanakutana na jambo hilohilo kwa sura kali zaidi. Mzigo wa wati 120 kwenye umeme wa volti 230 ni nusu ampea. Kwenye betri ya volti 12 ni ampea 10. Pitisha ampea 10 hizo kwenye waya wa moja na nusu, mita 10 kwenda na 10 kurudi, omu 0.23: unapoteza volti 2.3 njiani. Kwenye 230 zisingeonekana. Kwenye 12 ni karibu moja ya tano, na taa zinafifia huku mwenye nyumba akilaumu betri. Betri ikae karibu na mzigo, waya uwe mnene, au mfumo upandishwe volti 24.

Sasa vipimo. Anza na ambacho hakihitaji kugusa waya wowote. Kwenye uso wa mita yako pana taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake taa hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti. Zima kila kitu isipokuwa birika. Hesabu mipepeso kumi kwa saa ya simu, ukianza kuhesabu sifuri kwenye mpepeso wa kwanza. Kwa mita ya 1000, wati ni 36,000 kugawanya kwa sekunde ulizopata. Zikiwa sekunde 18, birika linakula wati 2,000. Zikiwa 29, ni wati 1,240, na bila kupima chochote kingine unajua umeme wako umeshuka mpaka karibu na volti 180. Kama mita yako imeandikwa 1600, tumia 22,500 badala ya 36,000. Kipimo hiki ni cha bure na kinakamata mengi, pamoja na friji iliyokufa gasi ambayo kompresa yake haipumziki.

Ukitaka ampea zenyewe, itafute mita ya kubana, ile yenye taya. Inabana waya mmoja tu. Ukibana kamba nzima ya kifaa, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana, na mita inasoma sifuri huku birika likitokota. Mafundi wanatengeneza kipande kifupi cha ekstensheni kilichochanwa ganda la nje, ganda la ndani la kila waya likibaki zima, ili wabane mmoja. Mita ya kawaida ya waya mbili, ile ya elfu chache, usiichomeke kwenye soketi ikiwa imewekwa upande wa ampea. Upande huo kazi yake ni kupitisha mkondo bila kuuzuia, kwa hiyo umetengeneza shoti mkononi mwako. Upande wa omu nao ni wa kitu kilichochomolewa tu.

Na ukipima omu za kitu kilichopoa, usikimbilie kuziamini. Taa ya zamani ya waya, ya wati 60, ikiwa inawaka kwa volti 230 ina omu 880 hivi. Ipime ikiwa baridi: utakuta haifiki hata moja ya kumi ya hizo. Waya wake wa tangsteni hupandisha ukinzani kadiri unavyopata moto, ndiyo maana taa hizo hupenda kuungua sekunde ileile ya kuwashwa. Elementi za pasi na birika hazibadiliki kiasi hicho, zinapanda kidogo tu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni volti na ampea zilizosomwa kwa pamoja kifaa kikiwa kazini, kisha ukagawanya.

Kwa pamoja, kwa sababu umeme wenyewe hautulii. Shida hii ilimsumbua hata mwenye jina la kipimo. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani, na majaribio yake ya mwanzo yaliharibika kwa kuwa betri za wakati ule zilikuwa zikichoka mkondo ukipita. Akaziacha, akatumia maungio ya bismuthi na shaba, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, akapata msukumo usioyumba. Kitabu chake kikatoka mwaka 1827. Wewe huna barafu wala bismuthi, kwa hiyo rudia kipimo mara kadhaa mpaka namba zikubaliane.

Nitie neno kuhusu mwili kabla hatujaenda jikoni. Ngozi iliyolowa inaweza kuuacha mwili na ukinzani wa kama omu 1,000. Volti 230 kugawanya kwa 1,000 ni ampea 0.23. Kwa breka ya ampea 20 hicho si kitu, haitashtuka. Kwa moyo wa mtu kinatosha kuua. Breka zimewekwa kulinda nyaya. Kinachomlinda mtu ni ile breka yenye kitufe kilichoandikwa TEST na alama ya 30 mA, inayokata umeme mkondo kidogo tu ukipotelea pasipo njia yake. Kama bodi yako haina, hiyo ndiyo ya kununua kabla ya mita yoyote. Kama ipo, bonyeza kitufe, isipokata, imekufa.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha nyaya za nyumba yenyewe. Utahitaji kijimita kile cha kuchomeka kinachoonesha volti, na birika lako lenye omu zinazojulikana. Kwenye soketi pacha ya jikoni, chomeka kijimita tundu moja na birika tundu la pili, vingine vyote vikiwa vimezimwa. Birika likiwa halijawashwa, tuseme kinasoma 228. Liwashe: kinasoma 219. Zima, washa, hakikisha. Volti 9 zimepotelea njiani. Mkondo ni 219 kugawanya kwa 26.2, ampea 8.4. Gawanya 9 kwa 8.4: njia nzima kutoka kwenye transfoma hadi jikoni ina omu 1.1 hivi. Joto linalozaliwa humo ni volti 9 mara ampea 8.4, wati 75.

Hamia soketi iliyo karibu kabisa na bodi, ufanye vilevile. Tuseme ni 228 na 226. Ampea 8.6, omu 0.23. Huo ni ukinzani wa laini ya nje na waya wa kuingilia, hauna neno. Maana yake kati ya bodi na jikoni pana omu 0.85 hivi. Je, ni haki yake? Ukikadiria mita 12 za waya wa mbili na nusu, kwenda na kurudi mita 24, shaba peke yake inapaswa kuwa na omu 0.17. Zilizobaki, karibu omu 0.7, hazitokani na shaba nzima. Ziko kwenye skrubu iliyolegea, kiungio kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu, na pengine sehemu ndogo kwenye waya uliouzwa kwa jina la shaba ambao ndani ni alumini iliyofunikwa shaba. Birika likiwaka, sehemu hizo zinazaa karibu wati 50. Zile 36 za ekstensheni zilisambaa kwenye mita 10. Hizi, kama chanzo ni skrubu moja, zimejikusanya mahali padogo kuliko ukucha, moto wa kutosha kuyeyusha risasi kama chuma cha kulehemu cha fundi redio, ndani ya kikebe cha plastiki ukutani. Na breka imetulia tuli, maana ampea 8.4 kwake ni mzigo wa kawaida.

Ukikuta namba za namna hiyo, zima breka ya laini hiyo na usiitumie. Mwite fundi mwenye leseni, lakini usimwambie tu kwamba umeme wa jikoni ni mdogo. Atabadilisha soketi moja aondoke. Mwambie kuna karibu omu 0.7 za ziada kati ya bodi na jikoni, afungue soketi na vikebe vyote vya laini hiyo kimoja kimoja, atafute plastiki iliyobadilika rangi au skrubu inayozunguka bila kukaza. Akimaliza, kabla hujamlipa, chomeka tena kijimita na birika mbele yake. Tofauti ikiwa imeshuka kutoka volti 9 hadi 3 au 4, kazi imefanyika. Ikibaki 8, bado hajapafikia.